Kemunto Akinyamaza kwa Bibi

Jumatano

Nina hakika anampa kitu. Hivyo ndivyo nilivyowaza hadi leo jioni.

Jua likishuka tu, Kemunto anaanza kulia kwa tumbo, anakunja miguu hadi anakuwa mwekundu. Nikimbeba, nikimsugua mgongo, hanyamazi. Mama mkwe akimpeleka jikoni kwake, kimya.

"Mama, unampa dawa gani?" nilimuuliza jana.

"Dawa ya nini? Nampa joto tu." Hakuniangalia.

Kutoniangalia kule ndiko kulinitia shaka. Mtoto hajafikisha hata mwezi. Mitishamba ikimdhuru, nitamwambia nini mume wangu? Huyo ni mamake.

Leo nilisema naenda kuanua nguo, kisha nikachungulia mlango wa jiko. Sikuona chupa wala kikombe. Mama alikuwa amekaa karibu na moto, blauzi wazi, Kemunto akinyonya titi lake kavu huku amefumba macho. Mama alikuwa anatabasamu peke yake.

Niliona wivu, halafu aibu. Nikarudi polepole hadi kwenye migomba, nikaita kwa sauti, "Mama, nimemaliza nguo!" ili apate nafasi ya kufunga vifungo.