Mizizi kutoka kwa Baba Nekesa

Jumanne, Kitale

Kwa hivyo ni mizizi. Tangu tumzike mume wangu, Baba Nekesa, bomba la maji taka hukohoa kila jioni, vile vile alivyokuwa akikohoa mlangoni kabla ya kuingia. Juzi maji yakaanza kurudi, nikaita fundi.

Leo fundi Wafula ametoka Bungoma na kamera yake, akaiingiza kwenye bomba, nasi tukatazama kwenye kioo kidogo cha kamera hiyo. Mbele kidogo ikakwama kwenye nyuzi nyeupe, laini kama nywele, zikichezacheza majini.

"Mama, hii mizizi inatoka upande ule," akasema, akionyesha kaburi la mume wangu. Pale kuna mti mmoja tu, ule tuliopanda siku ya mazishi. Haujafika hata magotini.

"Ati mti mdogo hivyo?"

"Si hata mimi nashangaa! Nikate?"

Nimekataa. Kesho atapitisha bomba jipya nyuma ya jikoni. La zamani ameliziba kwa saruji pande zote mbili, huku akinicheka kidogo.

Saa kumi na mbili jioni limekohoa. Nimejikuta nikisema, "Ingia, mlango uko wazi."