Kilichokuwa Kikigonga Garini Mwako

Baba Salma,

Kosa la watu wengi gari likianza kugonga ni kukimbilia boneti. Uliniambia hivyo miaka mingi, nami mwalimu wa sayansi nikikucheka. Juzi nimelifanya kosa hilohilo.

Nimetoka eda wiki hii. Miezi minne na siku kumi gari lako limekaa uani hapa Kiembeni, Salma akiliwasha tu ili betri isife. Siku ya kwanza kulitoa barabarani, ko, ko, ko. Nikalipeleka kwa fundi mmoja kule Magongo. Akafungua boneti, akatikisa kichwa. "Mama, injini imekaa sana, imekwisha. Uza tu." Binti yako akaunga mkono: "Wallahi, mama, gari hilo lanizidi umri. Kwa haki ningeliamkia shikamoo." Akatafuta mnunuzi. Anakuja kesho.

Lakini wewe wajua. Bila gari hili siwezi kufika Shika Adabu, ng'ambo ya feri, kwa kina mama ninaowafundisha kusoma, si kwa magoti haya. Ulikuwa ukinipeleka kila Jumanne, ukinisubiri nje na gazeti lako. Wamenitumia salamu eda nzima: darasa lini, mwalimu?

Leo baada ya alfajiri nikakumbuka maneno yako: "Mwalimu, liulize gari kwanza. Wagonga lini?" Basi nikaliuliza. Nililiwasha likiwa limesimama, nikakanyaga mafuta. Kimya. Kama injini ndiyo mgonjwa, ingelalamika hapo. Nikaliendesha polepole kwenye lami. Kimya. Nikaingia njia yetu ya mashimo. Ko, ko. Nikarudi uani, nikazima injini, nikaukandamiza mwili wa gari kwa nyuma, nikauachia. Ko.

Injini imezimwa, na bado lagonga. Nikafungua buti.

Ilikuwa jeki, Baba Salma. Jeki yako, tupu, imelala juu ya chuma. Nikakaa chini palepale. Siku ya kugawa nguo zako, Salma alimaliza kabati, akaenda mpaka garini, asibakishe chochote chako cha kuvaliwa. Akakiona kile kikoi cha zamani cha mistari ya kijani ulichoizungushia jeki. Akakifua, akakipiga pasi, akakitoa sadaka pamoja na kanzu zako. Hakujua kikoi hicho kilikuwa na kazi.

Nilipomweleza alicheka, kisha akalia. Akataka kwenda kukiomba kwa Mzee Athumani, anayefagia msikiti. Nikamkataza. Nimemwona nacho Mzee, kimemkaa vizuri. Kilichotolewa kimetolewa.

Nimeizungushia jeki leso yangu ya kujitanda, ile uliyoninunulia Salma alipozaliwa. Nimekaza fundo, nikapita njia ya mashimo kwenda na kurudi. Nilisikia ndege tu.

Kwa hiyo Jumanne nitavuka feri mwenyewe, inshallah. Kiti chako nitakivuta mbele kidogo, unisamehe. Miguu yako ilikuwa mirefu. Nakuahidi darasa halitakufa mikononi mwangu, na gari nitaliuliza kabla ya kumuuliza mtu. Mungu akulaze mahali pema, na akupe utulivu niliousikia asubuhi hii.

Barua hii naiacha mezani, juu ya funguo, Salma aione akirudi kutoka sokoni. Mwanangu, mpigie simu mnunuzi leo, umwambie gari haliuzwi.