Kitambaa cha Kila Mwezi

9 Januari

Mpwa wangu,

Tangu nihamie kwa mama yako, mtaa huu umepata kichwa. Hata bomba la maji halitoi tone mpaka lisikie nimekohoa. Baada ya hayo, salamu nyingi, na pole na kazi ya kufua mashuka ya wageni wa hoteli. Sisi hatujambo, wasiwasi wetu ni kwako tu.

Nilipofika niliikuta bustani ya mama yako inasuasua: makopo kumi na manane yamepangwa ukutani, magunia manne uani. Sasa mchicha umepanda hadi dirishani, jirani akitaka kufungua pazia lake lazima aombe njia. Bilinganya moja nimeikata kwa msumeno. Maganda ya mayai nayasaga mimi, maji ya vyombo namwagilia mimi, kama alivyozoea mwenyewe. Hakuna kinachotupwa katika nyumba hii isipokuwa maneno yangu, na hayo majirani huyaokota.

Mama yako mzima. Anasahau kidogo tu, mambo ya watu wazima. Juzi alitia chumvi kwenye chai. Niliinywa yote nikaomba nyingine, asione vibaya. Muda wote yuko kwenye kiti chake cha mlangoni, anafuma.

Mimi mjomba wako


24 Januari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini kifua chako kimepona na mama hajambo. Mimi naendelea vizuri. Barua yako niliisomea chumba cha pasi, wenzangu wakacheka hadi msimamizi akaja kuuliza nani kaunguza shuka.

Lakini mjomba, nakujua. Wewe ndiye uliyetuambia umemfundisha mamba kuogelea. Hiyo chumvi kwenye chai imenikaa rohoni. Bibi alianza hivyohivyo, na baada ya miezi minne hakumjua mtu.

Hapa ruhusa ni moja kwa mwaka, siku kumi basi. Naweza kuichukua Februari, au ningoje Juni wageni wakipungua, kama msimamizi anavyopenda. Nikiitumia sasa bure, sina nyingine. Nikichelewa, nitamkuta hanijui. Nataka kumkuta ananijua, mjomba. Sina haja nyingine.

Kwa hiyo usiniandikie maneno. Kila mwezi nitumie kwa basi kitambaa kimoja alichofuma mama, kile kidogo cha kuwekea kikombe. Yeye huanza na vitanzi sita, na mwisho wa uzi huurudisha ndani mara mbili usionekane. Uzi hauna mdomo wa kutia chumvi. Nikiona mkono umelegea, napanda basi siku hiyohiyo.

Mwanao


11 Februari

Mwanangu,

Salamu kutoka kwetu sote, wazima kabisa. Kitambaa hicho hapo, kishike mwenyewe. Kimechelewa kwa sababu uzi ulikwisha, tukafumua sweta kuukuu la marehemu baba yako. Mama yako alikifuma nimekaa mbele yake nachambua mchicha. Sindano inakwenda mbio mpaka nikamwambia, dada, punguza mwendo, utawasha moto nyumba.

Anasema usije kwa papara. Kazi haioti kama uyoga.

Mjomba wako, bwana shamba wa mtaa


2 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mko salama? Mimi leo nimepumua. Nilikitandaza kitambaa juu ya meza ya pasi, nikahesabu. Vitanzi sita. Kona zimekaa, mistari imenyooka kuliko hata zamani. Msimamizi wetu, ambaye sijamsikia akisifu kitu zaidi ya chakula anachopika mwenyewe, alikigeuza upande wa nyuma akautafuta mwisho wa uzi. Hakuuona. Akasema, "Aliyefuma hiki kajaliwa mikono. Huyu si mtu wa kubahatisha."

Nililia kidogo, kwa furaha. Nisamehe nilivyokushuku. Nimeandika jina langu kwenye ruhusa ya Juni.

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu,

Hujambo na kazi? Nakutumia viwili kwa mpigo, cha Machi na cha Aprili. Hiki cha pili kitazame pembeni, kina maua. Hukuomba maua, lakini mkono ukishapata moto unakwenda wenyewe. Muoneshe huyo msimamizi, kisha uniandikie alivyosema, neno kwa neno, usifupishe.

Mama yako hajambo. Hasemi sana siku hizi, anahifadhi sauti. Bustani inatisha, wilaya wanataka kuja kuipima.

Mjomba wako


28 Juni

Mjomba,

Shikamoo nitakuamkia siku nyingine. Nimefika kazini jana.

Nimekaa na mama siku kumi. Siku ya kwanza nilimpa maji, akanishukuru, akaniuliza kwetu ni wapi na kama mama yangu yu hai. Nikamwambia yu hai. Akasema, "Basi nenda ukamwone, usikae huku kwa watu." Siku ya kumi nilimpa maji, akaniuliza vilevile.

Makopo yote kumi na manane yana udongo mkavu. Wewe ulikuwa uani siku nzima unamsimulia fundi cherehani wa jirani habari za mamba, hukuniangalia usoni hata mara moja. Ni yeye fundi aliyeniambia mama hajashika uzi tangu kabla ya mwaka mpya. Tena akaniambia kwamba Februari, na Machi yote, mama alikuwa bado ananitaja kwa jina. Basi likipiga honi barabarani alikuwa anasimama, anasema, "Huyo kafika."

Nilitafuta kitu kimoja cha mkono wake nije nacho. Vitambaa vya viti havipo, cha meza hakipo, shali yake haipo. Viko wapi? Na hivi vitatu ulivyonitumia ni vya nani? Jibu maswali hayo mawili. Sitaki hadithi.

Mtoto wa dada yako


19 Julai

Mwanangu,

Mama yako anakula nikimlisha. Jana alikula vijiko saba, na leo vinne. Hiyo ndiyo hali, sijaongeza wala kupunguza.

Vitambaa vitatu ni vyangu. Sikuwa najua hata sindano inashikwaje. Barua yako ilinikuta mama yako anaitumia sindano ya kroshia kukorogea chai. Ulisema mkono ukilegea unapanda basi, na mkono ulikuwa haupo tena. Nikasema moyoni, nimpe dada mwezi mmoja, akili itamrudia. Nisingependa mtoto wake aje amkute vile.

Nani angenifundisha, mwanamume mzima niliyeishia darasa la sita? Nikachukua kitambaa cha kiti, nikakifumua kitanzi kimoja kimoja, polepole, naangalia njia aliyopita yeye. Halafu nikairudia kwa uzi uleule. Cha kwanza kiliniharibikia, nikafumua cha pili, na cha tatu. Uzi mpya dukani ni anasa, mama yako asingekubali. Lile sweta la baba yako halikuwahi kuwepo, nililitunga. Cha meza kiliisha Machi. Shali ilikwenda kwenye maua. Kila njia iliponipotea nilichukua kingine nikafumua nijifunze, na sikufikiri, mwanangu, kwamba ipo siku nitalifungua sanduku lake la vitambaa nikute mbao tu. Kwa hiyo cha mkono wake hakipo hata kimoja. Uzi ulio nao ni wake, naapa.

Bustani niliiua wiki ya pili. Mama yako alimwagilia maji ya kusuuzia, mimi nilimwaga ya sabuni. Mchicha nilikuwa nanunua.

Hukuuliza la tatu, lakini fundi ameniuliza: kwa nini sikusema Machi, wakati dada alikuwa bado anasimama basi likipiga honi? Nimetafuta jibu la heshima siku hizi zote, sijalipata. Ninalo moja tu, na ni la aibu.

Maisha yangu yote nimejisifu kwa mambo ambayo sijayafanya. Wewe na msimamizi wako ndio watu wa kwanza kunisifu kwa jambo nililolifanya kweli. Ile barua yako niliisoma mpaka ikachanika kwenye kunjo. Nilikwenda nayo kwa fundi, nikamsomea ule mstari mmoja tu wa kujaliwa mikono, nikasema ni wewe unamsifu mama yako kwa kazi zake za zamani, kisha nikamwomba arudie kuusoma kwa sauti, nikajifanya macho hayaoni vizuri. Ningekuambia kweli, ungekuja, na nisingesifiwa tena. Yale maua ya Aprili hayakuwa ya kukuficha lolote. Nilitaka tu msimamizi aseme kitu kingine.

Mjomba wako