Waamuzi Hawakukosea, Kaka Sefu

Kaka yangu Sefu,

Nakusalimu, kisha niseme haraka kabla kifua hakijanibana: nimekukasirikia. Hasira yenyewe si ya jana wala juzi. Nimeishi nayo miaka mingi kuliko niliyoishi na marehemu mume wangu, na imenisumbua kuliko yeye.

Daktari alimwambia Rajabu, mwanao, kwamba moyo wangu umechoka na hakuna la kufanya ila kuniacha nipumzike. Walidhani sikusikia. Mimi nimesimama mbele ya darasa maisha yangu yote. Mtu akinong'ona nyuma ya mlango ndiyo kwanza masikio yangu yanafunguka. Basi niko Tangini, Kibaha, nyumbani kwa Rajabu, kitandani kando ya dirisha, naandika kidogo kidogo. Kuna jambo nililokuficha tangu tukiwa vijana. Nataka kulisema, na safari hii huwezi kuinuka na kuondoka.

Juzi Rajabu alikuwa barazani na rafiki zake wakibishana nani mpiga gitaa bora kuliko wote nchi hii. Wanapanga: huyu wa kwanza, yule wa pili. Mmoja akapiga kelele, "Vidole, jamani! Gitaa ni vidole!" Mwenzake akamjibu, "Vidole hata kuku anavyo, mbona hatujamsikia?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu Rajabu akasema kwa sauti ya chini, "Hata baba yangu alikuwa akipiga." Wakamuuliza, "Alikuwa wa ngapi?" Mimi humu ndani nilitamani kurusha kikombe.

Wa ngapi! Swali hilo ndilo lililokumaliza, kaka. Presha ilikuja baadaye.

Unakumbuka uliporudi Kisarawe kutoka kambi ya mkonge huku Kibaha? Mwingereza bado yuko, baba bado ana nguvu za kugomba, nawe unaingia uani na gitaa mgongoni, uzi wake mmoja ni waya wa breki ya baiskeli. Baba alikutazama, akauliza kama hicho nacho kinalimwa au kinapikwa. Mama akaziba mdomo kwa upande wa khanga ili asionekane anacheka. Jioni ukaenda dukani kwa yule Mwarabu mwenye gramafoni, ukamkuta Habibu wa Mlandizi, mpiga gitaa mwenzako, na ugomvi wenu ukaanzia hapo. Nilikuwa nikitumwa mafuta ya taa, nachelewa makusudi niwasikilize.

Habibu alisema mpigaji wa kweli ni yule ambaye akianza, watu wote wanasimama kumtazama. Ukasema hapana, mpigaji ni yule anayewafanya watu wacheze mpaka wasahau kuwa kuna mtu anapiga. Habibu akakujibu, "Basi wewe ndiye bingwa, Sefu, maana sijaona anayekutazama!" Duka zima likacheka. Nawe ulicheka. Nakumbuka vizuri kwamba siku zile ulikuwa bado unaweza kucheka.

Mwaka uliofuata nilitolewa mwali. Nilikuwa nimekaa ndani muda mrefu, ngozi imefifia, miguu imesahau jua. Asubuhi waliponibeba mabegani kunitoa nje, nilitetemeka hata yule shangazi aliyenibeba akanifinya paja, "Tulia, utaniangusha!" Mwali hatazami watu. Nilikuwa nimeinamisha macho, sikuona ngoma wala waliozipiga. Katikati ya ngoma nikasikia gitaa. Sikujua kama baba amekuruhusu au umejiingiza tu. Ulikuwa umetunga wimbo usio na maneno, unaokwenda kwa mwendo ule ule wa mabega ya mwali. Magoti yangu yakaacha kutetemeka. Kaka, nimesoma, nimefundisha, nimesikiliza redio za nchi nyingi. Hakuna mpigaji mwingine aliyewahi kunifanyia hivyo.

Basi ungekuwa na haki ya kuniuliza: kama ni hivyo, mbona nimekasirika? Nimekasirika kwa yale yaliyotokea siku ya mashindano.

Vilabu vya muziki vya Kisarawe, Mlandizi na Maneromango vilikutana alasiri karibu na soko. Waamuzi walikuwa watatu, na wa kutangaza alikuwa Masanja, yule dresa, mfunga vidonda wa zahanati, Msukuma. Alimtaja Habibu wa kwanza. Wa pili akawa kijana wa Maneromango. Kisha akakunyooshea kidole, akavuta sauti: "Na wa tatu ni huyu Mzaramo wenu, anayepiga gitaa kama anayekuna nazi!"

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Walicheka kwa sababu Msukuma ni mtani wetu, na mtani hana msamiati mwingine. Kila mtu pale alijua linalofuata. Ulitakiwa umrudishie: umwambie amekuja pwani kwa miguu akimfuata ng'ombe aliyepotea, umwambie lolote. Masanja mwenyewe alikuwa amesimama anangoja, meno yote nje. Mama akakusukuma kwa kiwiko, "Mjibu! Mjibu, mwanangu!" Wewe ukachukua gitaa lako ukaenda zako. Sijapata kuona Mzaramo akimnunia mtani wake mbele ya watu, na sijaona tena tangu siku ile.

Kesho yake Masanja alikuja nyumbani. Alikuwa amebeba mbuzi ya nazi, mpya kabisa. Akabisha hodi, akamwambia mama, "Mama, nimemletea mwanao gitaa jipya. Lile la zamani limemshinda." Hivyo ndivyo mtani anavyoomba radhi, nawe ulilijua hilo kuliko mimi. Ulikuwa umelala chumbani umegeukia ukutani. Mama alikuita mara kadhaa, hukuitika. Mwishowe akaipokea yeye ile mbuzi, akaikalia akikuna nazi mpaka alipofariki, nawe ukala wali wa nazi ile bila kuinua macho.

Majirani wote walikufariji. Walisema waamuzi walipendelea, walisema Habibu ana ndugu kwenye kamati. Uliniuliza na mimi siku moja, tukitoka Chole kumzuru bibi: "Mwajuma, wewe una masikio. Walinionea, sivyo?" Nikakwambia jua ni kali, tutembee upesi.

Sasa nakujibu. Hawakukuonea. Waamuzi hawakukosea, kaka. Habibu alikuwa bora kuliko wewe siku ile, na siku nyingi nyingine. Vidole vyake vilikwenda mahali ambapo vyako havikujua njia. Ule waya wako wa breki ulilegea kwenye wimbo wa pili, nawe badala ya kusimama uukaze uliongeza kasi. Yule kijana wa Maneromango naye alikuzidi. Wa tatu ilikuwa nafasi yako halali.

Na Masanja naye alisema kweli. Ulikuwa unapiga kama anayekuna nazi. Kru, kru, kru, huchoki, huongezi madoido, huangalii nani anakuangalia. Habibu alipomaliza kupiga tulimpigia makofi. Ulipopiga wewe hatukupiga makofi kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi nyingine. Tulikuwa tunacheza, hata imamu mdogo wa msikitini kwetu alikuwa anatikisa mguu chini ya kanzu. Waamuzi walitakiwa kupima vidole, wakapima vidole, wakakupa ulichostahili. Nani alikwambia kuwa kilichobaki kimepimwa nacho? Nani alikutuma uwakabidhi watu watatu wa alasiri moja maisha yako yote wayapange?

Hili ndilo linalonichoma. Sikujali kama wewe ni wa tatu au wa thelathini. Nilitaka upige tu. Badala yake ukalipandisha gitaa darini, likaliwa na mchwa, na Rajabu alipokuwa kijana akakupigia magoti umfundishe, ukamwambia, "Kajifunze kwa wa kwanza." Nilikuwa nimekaa pale pale nachambua mchele. Niliona uso wa mtoto.

Sasa sikiliza ulichotuachia. Rajabu alijifunza gitaa kwa watu baki, na anapiga vizuri. Mwezi uliopita akaniomba nimuimbie ule wimbo wa siku niliyotolewa mwali, kwa kuwa tulidhani hakuna mwingine aliye hai aliyeukariri. Mwanzo ninao. Mwisho ninao. Sehemu ya kati imenitoka. Nimejaribu usiku na mchana, naifikia, halafu inakatika. Ningekuwa na nguvu ningejipiga kichwani.

Rajabu akaenda Mlandizi kumchukua Habibu, huenda aliwahi kuusikia. Ndiyo, huyo huyo. Amekuja na mkongojo, jicho moja lina mtoto wa jicho. Nilimwamkia, "Shikamoo, kaka Habibu," akaitika, "Marahaba, mwali," tukacheka wazee wawili. Kumbe alikuwepo nilipotolewa mwali, akaukariri wimbo wako siku ile ile, akawa anaupiga kwenye harusi miaka mingi, na anasema kila mara aliwaambia watu kuwa ni wa Sefu. Rajabu akamshikisha gitaa na kuwasha redio ya kaseti irekodi.

Akapiga. Mwanzo sawasawa. Alipofika katikati akaanza kupanda na kushuka, vidole vya uzee vinatafuta ufundi wa ujana.

"Punguza," nikamwambia.

"Nipunguze nini?"

"Hayo manjonjo. Sefu hakuyatia."

Akarudia. Mapambo yalipungua kidogo, lakini bado siyo. Nikamwambia bado. Akarudia tena, nikatikisa kichwa. Akaliweka gitaa mapajani, akakasirika kweli. "Mwajuma, mimi ndiye niliyeshika nafasi ya kwanza!"

"Najua. Na bado umekosea."

"Basi niimbie ilivyo!"

Hilo siwezi, kaka. Najua si hivyo, ila ilivyo siijui. Machozi yakamtoka Habibu, akasema, "Angekuwepo yeye angetutukana wote." Rajabu alikuwa ameinamia ile redio, anangoja mmoja wetu akumbuke.

Hakuna aliyekumbuka. Kwa hiyo nimemruhusu Rajabu ajifunze huo wa Habibu, wenye kosa katikati. Anaupiga sasa barazani, nausikia. Kila akifika pale natamani umkatize. Ungehitaji kukaa naye jioni moja tu. Ukamnyima, kwa sababu ya nafasi ya tatu.

Mkono umechoka, naishia hapa. Kila Alhamisi nakusomea Yasini, kaka, na kila Alhamisi naisoma nikiwa nimenuna. Natumaini inakufikia hivyo hivyo.

Ni mimi mdogo wako, uliyenipigia gitaa,
Mwajuma