Ratiba ya Mama na Baba

Lisbon, Ureno
Jumatano, 11 Juni 2025

Baba Felix,

Habari za Mutuka? Mgongo unaendeleaje? Na Hilaria anakupikia vizuri, au binti yako bado anaunguza maharage? Mimi nimefika salama, isipokuwa miguu imevimba kwa kukaa, viatu vya kanisani vimegoma kabisa kuingia. Kiti cha pembeni yangu kwenye ndege kilikuwa chako. Nimekiwekea mkoba njia nzima. Mhudumu alipotaka kumkalisha mtu, nikamwonyesha kwa mkono kwamba kina mwenyewe.

Rogathe amenipokea, yule binti muuguzi aliyeuleta mwili wa Felix mwezi wa pili. Tumelia pale pale uwanjani, watu wanapita na masanduku yao. Kisha akanipa karatasi ya daftari aliyoikuta chumbani kwa Felix. Mwandiko ni wake. Juu ameandika RATIBA YA MAMA NA BABA. Mtoto alipanga siku zote za kukaa kwetu, cha kuona na cha kula, kabla homa ya mapafu haijamlaza. Kwenye kilima cha ngome ameandika: "Baba atasema amechoka. Benchi lipo kushoto, kwenye kivuli."

Najua umekasirika. Uliniambia mlangoni kwamba mfiwa haendi kutalii. Mimi sikuja kutalii, mume wangu. Mwanangu alinialika, na tukamzika kabla sijamwitikia. Ninachoomba ni kimoja tu, nikirudi nikukute wewe ni Baba Felix tena. Tangu mazishi unaniita Antonia, kama mtendaji anayesoma orodha ya mbolea ya ruzuku. Jina la Felix halijatoka mdomoni mwako hata mara moja. Nyumba ile haikaliki hivyo.

Ni mimi,
Mama Felix


Mutuka, Babati
Alhamisi, 12 Juni 2025

Antonia,

Salamu. Sisi wazima. Nimeandika kwenye karatasi, Hilaria akapiga picha ikufikie, maana vidole vyangu haviwezani na herufi za simu.

Mahindi yamekauka, kesho tunaanza kuvuna. Mama Redempta wa jumuiya ameuliza uko wapi, nikasema umesafiri. Akauliza umekwenda kufanya nini. Ningesema nini? Kwamba mke wangu anakula keki Ulaya na udongo wa kaburi haujashikana?

Habari ya jina. Mtu akiniita kwa jina la mtoto nageuka vizuri tu, halafu nakumbuka. Nimechoka kugeuka. Niacheni na jina langu la ubatizo.

Kula, ulale vizuri.

Leonsi


Lisbon
Alhamisi, 12 Juni, jioni

Baba Felix,

Pole na kazi. Mimi mzima, na uvimbe umepungua.

Keki nimekula, ndiyo. Nimekula mbili. Ni vikeki vidogo vyenye maziwa na mayai ndani, juu vimeungua kidogo, unavinyunyizia mdalasini. Felix aliandika, "Mama atataka kujua jinsi ya kuvipika, asimsumbue muuzaji." Nimemsumbua muuzaji. Tumepanda kigari cha njano cha umeme kinachopita kwenye reli katikati ya nyumba za watu, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningeanua nguo ya mtu kwenye kamba. Tumefika kwenye ngome. Mji wote uko chini, mapaa mekundu mpaka mtoni. Watu wanapiga picha, wanacheka. Benchi lipo, kushoto, kama alivyosema. Nimekaa upande mmoja, wako nikauacha.

Leo ni mkesha wa somo wangu, Mtakatifu Antonio. Alizaliwa mji huu, sikujua. Felix alijua, ndiyo maana akachagua tarehe hizi. Kila mtaa unachoma dagaa wakubwa wa kujaa kiganja, moshi mpaka unakohoa, unawekewa juu ya mkate unakula kwa mkono, umesimama. Kwenye ratiba kuna mstari huu: "Hapa Baba atakula kwa mkono na hakuna wa kumcheka. Nitamchomea mwenyewe."

Hapo nilikasirika, Leonsi, na leo nakuita hivyo kwa kuwa umetaka. Nilikumbuka Krismasi ya mwaka juzi. Mtoto ametoka huku, ameamka alfajiri kwenda ziwani kutafuta sato mbichi, amempika kwa nyanya na kitunguu saumu, amekuwekea mbele. Ukaisukuma sahani. Ukasema, "Mpe mama yako, huyo ndiye mpishi mwenzako. Mimi nilizaa mwanaume." Ukaagiza ugali na maziwa. Alifunika sahani, akaenda kuosha masufuria nje. Samaki mwenyewe akaishia tumboni mwa paka, na siku ya tatu Felix akarudi kazini kwake. Hakuja tena ila ndani ya sanduku.

Dagaa ni watamu sana. Nimekula sita nikilia, watu wakadhani ni moshi.

Mama Felix


Lisbon
Ijumaa, 13 Juni

Baba Felix,

U mzima? Ujumbe wangu umeusoma, naziona alama mbili za bluu. Hilaria ananiambia tu uko shambani.

Leo kanisani wamegawa mikate midogo ya somo wangu, watu wanaiweka nyumbani mwaka mzima. Nimechukua wa kwetu. Kama nilikuumiza, nijibu hata kwa ukali.

Mama Felix


Lisbon
Jumamosi, 14 Juni

Baba Felix,

Salamu nyingi. Najua hujajibu. Hili lazima ulijue, ujibu usijibu.

Mahali pa mwisho kwenye ratiba ni mgahawa alikokuwa akipika. Meza nane, ukutani ubao mweusi wenye majina ya vyakula kwa chaki. Mwenye mgahawa ni mama wa makamo, mnene, aliponiona akanishika mashavu kabla Rogathe hajafungua mdomo. Kisha akanielekeza kidole ubaoni. Mstari wa tatu, mwandiko wa Felix: LEONSI.

Nikauliza, Leonsi gani? Rogathe akacheka na kulia. Kumbe watu wa visiwa vya huku wanapika unga wa mahindi, ukipoa wanakata vipande wanakaanga. Felix alipoona akamwambia yule mama, "Hiki ni chakula cha baba yangu, lakini mmekikosea." Akakata kiporo cha ugali, akakichoma juu ya makaa, akapaka samli na chumvi. Kama ulivyomfanyia wewe nilipolazwa Dareda na ujauzito wa Hilaria. Wateja wakakipenda. Mwanao alipofariki hakuna aliyethubutu kufuta mstari ule.

Wameniletea. Ni chenyewe, Baba Felix. Hata pembe moja ilikuwa imeungua kidogo. Na nilipokuwa nakula, kijana wa meza ya pili akaita kwa sauti, "Leonsi mbili!" Watu wasiokujua wanalitaja jina lako na kuomba nyingine.

Yule mama akauliza Leonsi mwenyewe yuko wapi. Nikasema anavuna mahindi. Akauliza kama ulikipenda chakula cha Felix. Nikasema alikipenda sana. Mungu anisamehe, nimedanganya mtu mwema mezani kwake.

Narudi Jumanne. Picha ya ubao nakutumia.

Mama Felix


Mutuka, Babati
Jumatatu, 16 Juni 2025

Mke wangu,

Hujambo? Mgongo ni ule ule. Nimemwambia Hilaria apige picha bila kusoma, ingawa namjua, atasoma.

Picha ya ubao nilifunguliwa shambani. Nikakaa chini katikati ya mahindi mpaka vibarua wakaja kuuliza kama nimeumwa na nyoka. Alikuwa na miaka sita, Antonia. Mimi sikujua kupika kitu. Nilimchomea kiporo kila asubuhi kwa wiki tatu, siku nyingine nakiunguza, na nilidhani anakula kwa sababu ya njaa.

Sasa nikwambie kitu ambacho hata padre sijamwambia. Krismasi ile, mlipokwenda kumsalimia Mama Redempta, niliingia jikoni. Sahani ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa. Nilitaka kuonja mkia tu. Nilimla samaki wote, nimesimama, nikalamba mchuzi kwenye vidole. Sijala samaki mtamu kama yule maisha yangu yote. Mliporudi ukauliza, nikasema paka. Felix akatoka na fimbo kumtafuta paka, na mimi nimekaa sebuleni nanuka kitunguu saumu. Nikajiambia nitamweleza kesho. Kesho yake nikasema akija tena.

Amekufa anajua baba yake hakugusa chakula chake. Ndiyo maana jina lile linanichoma. Ndiyo maana sikupanda ndege. Ningekaaje kwenye benchi alilonichagulia?

Leo asubuhi nimechoma kiporo, nikapaka samli na chumvi. Kipande kimoja nimekipeleka kaburini, nikamweleza habari ya paka. Nilisema kwa sauti. Heriel jirani alikuwa anapita, akavua kofia akaendelea na safari yake.

Jumatano nitakuwa stendi kukupokea. Yule mama akikuuliza tena, usiombe msamaha kwa Mungu. Hukumdanganya.

Baba Felix