Visanduku Sita vya Chaki

Mjomba Bakari,

Shikamoo. Leo marahaba itanibidi nijiitikie mwenyewe.

Nakuandikia juu ya meza yako ya kukatia nguo. Kesho yake baada ya maziko yako mkeo alitaka kuipangusa kwa kitambaa cha maji, nikapiga ukelele mpaka akadhani nimeona nyoka. Visanduku vyako sita ulivyovichora kwa chaki bado vipo, na ile H yako katika cha kwanza.

Wakumbuka gazeti lilivyokuwa likifika na basi la Mombasa, limechelewa siku nzima, nasi tunalirukia fumbo la maneno kabla ya habari za serikali mpya? Watu walikuja kuulizia bendera zao za Uhuru, wewe wawaambia, "Ngojeni kwanza, twatafuta herufi nne." Loo, uliwatesa! Sharti letu tulilitoa kwenye vitendawili: anayeshindwa atoe mji, ndipo apewe jibu. Nilikupa Waa. Nikakupa Galu. Nilipokupa Shimoni ukajitapa mbele ya wateja kwamba umefika huko, umekula samaki wa kupaka, na kila mtu amekuuliza mbona mpwa wako mwalimu hajui kitu. Nikabaki na Msambweni yetu tu, na hiyo nikaapa sitoi.

Halafu gazeti likakosa kuja, ukatunga fumbo lako mwenyewe, ukachora visanduku mezani na kuandika H katika cha kwanza. "Herufi sita: watu wamejaa kwako, pilau imeiva, kila mmoja akutaja kwa wema, nawe hupewi hata chai." Nikasema harusi. Herufi sita, yaanza na H, nikashika chaki niandike. Ukanigonga kidole kwa rula. "Bwana harusi hulishwa mpaka akachoka, mwalimu. Toa mji." Sikutoa. Kila jioni nilirudi na jibu jingine, wewe wacheka huku wakohoa, nami nikidhani ni vumbi la vitambaa.

Ulipokufa nilikukasirikia, Mjomba. Nasema kweli. Katikati ya kilio nilijiuliza, sasa jibu atanipa nani? Kisha nikaona haya.

Siku ya tatu tukakusomea hitima. Nilikuwa uani nimebeba sinia la pilau, wanawake wanasimulia ulivyomshonea yatima kanzu ya Idi kwa kitambaa ulichojiwekea mwenyewe. Nikatazama: nyumba imejaa, kila mmoja akutaja kwa wema. Sinia nusura liniponyoke. Hitima! Nikahesabu kwa vidole, sita. Nikacheka kwa sauti, mkeo akanishika bega akidhani akili imeniruka, kisha nikalia kuliko siku ya maziko.

Lakini nataka kujua: ulijua? Kile kikohozi ulikifahamu, ukaona uniage kwa fumbo kwa sababu kwa njia nyingine ningekukatiza? Au ulikuwa wanitania tu, kama kawaida yako? Nimemuuliza mkeo, naye hajui. Nimeligeuza kila upande, wapi!

Basi hili limenishinda, na sharti ni sharti. Nakupa Msambweni. Tembea, ule samaki, ujitape utakavyo. Jibu lako nimeliandika kwa chaki, na kila gazeti likija nitalijazia fumbo hapa hapa mezani pako.

Mungu akulaze pema, Mjomba wangu. Siku nitakapokufuata, usinizungushe. Niambie tu kama ulijua. Mji nimeshautoa.

Mpwa wako,
Mwanasha