Pete Uliyoimulika Sebuleni

Hirbadaw,
S.L.P. 41, Katesh,
Manyara.
14 Agosti 2016

Mpendwa kaka Margwe,

Shikamoo. Nakupa kwa sababu mama amekaa hapa pembeni anaiangalia kalamu. Yeye hajambo, ni magoti tu. Mimi ni mzima ila nina hasira na wewe, na namba yako nimeifunga kwenye simu, ndiyo maana unapata barua. Natumaini huko Ujerumani hujambo.

Mahindi tumevuna. Alizeti imeliwa na ndege.

Sasa tuseme lililopo. Felician aliuza maksai wake wote wawili akaninunulia pete Arusha. Siku ya posa, wazee wamekaa, nyama iko mezani, wewe ukafunga madirisha mchana kweupe, ukatoa kitochi chako cha maabara, ukaimulika. Kito kikawaka rangi ya chungwa. Ukamwambia baba yake, Mzee Joakimu, kwamba almasi hiyo haikuchimbwa, imeoteshwa kwenye mashine, utando juu ya utando, na rangi ile ni dalili ya kasoro ndani ya fuwele. Nani alikuuliza?

Mzee aliinuka hata mikono hajanawa. Felician alikuwa hajui, muuzaji alimwambia imetoka ardhini. Sasa analima kwa jembe la mkono na watu wanamcheka. Kama ukweli ulikuwasha sana, ungeniita jikoni.

Kinachoniuma zaidi, almasi za namna hiyo ndizo unazootesha huko kila siku, na ndizo zinazokulisha. Na likizo ya juzi, tukipukuchua mahindi, ulinieleza mwenyewe kwamba isiyo na kasoro hata kidogo ukiimulika haiwaki. Kasoro ndiyo inayotoa ule mwanga, ukasema, na wengine huko wanaziweka kwa makusudi. Nusu hiyo mbona uliimeza mbele ya wazee?

Mzee Joakimu hataki simu wala barua. Anataka aliyesema aje asimame pale pale sebuleni kabla ya Krismasi, la sivyo posa imekufa. Kwa hiyo omba ruhusa kazini uje. Na kitochi uje nacho. Utafunga madirisha, utaimulika tena, na safari hii utasema yote mpaka mwisho.

Usipokuja, nitamfuata Felician bila baraka ya mtu, na wewe huna tena mdogo anayeitwa Efrazia.

Msalimie wifi Oliva, yeye sina neno naye. Mama anasema Mungu akulinde njiani. Nimeitikia amina shingo upande.

Mdogo wako akupendaye, ila si mwezi huu,
Efrazia

Pete sijaivua.